Sala ya Sufuria

Apollinarie Nshimirimana aliwahi kumuuzia kifuniko mtu asiye na sufuria. Ilikuwa sokoni Juru, ndani ya makazi ya Nakivale, na mtu mwenyewe alikuja kuuliza tu njia ya kwenda zahanati. Alipoondoka alikuwa amebana kifuniko kwapani, ameridhika kabisa kwamba kupata sufuria ya kukifaa ni suala la muda. Zahanati alikuwa ameisahau.

Kwa bahati, siku hiyo Naboth alikuwa amesimama hapo karibu akila mahindi ya kuchoma. Naboth alitoka Mbarara. Alikuwa msimamizi wa kipindi cha mauzo katika kituo kidogo cha televisheni kilichopanga ghorofa ya pili huko Kamukuzi. Kipindi kiliitwa *Nunua Ukiwa Umekaa*, na kilirushwa kwa Kiswahili kwa sababu walengwa walikuwa wake za wanajeshi wa kambi ya Makenke na wakimbizi wa Nakivale wenye televisheni za sola. Kasoro ilikuwa moja: pale kituoni hakuna aliyeweza kuongea Kiswahili dakika tano mfululizo bila kuishiwa. Naboth mwenyewe alikuwa na Kiswahili cha kuagizia petroli.

"Nyabo," alimwambia Apollinarie, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, mdomo umejaa mahindi, "wewe nataka kuja kwa TV?"

"Kufanya nini?"

"Hii hii. Lakini na taa mingi."

Hivyo ndivyo Apollinarie, Mrundi wa makamo, mama wa Alida, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia, alivyoanza kupanda gari la Mbarara kila Jumanne na Ijumaa kwenda kuuza vyombo vya jikoni mbele ya kamera.

Siku ya kwanza alipewa meza, aproni nyekundu, na jiko la gesi. Meza na aproni hazikumsumbua. Jiko ndilo lililomtoa jasho, kwa maana maisha yake yote alikuwa amepikia kuni na makaa, na kuhusu gesi alikuwa amesikia habari moja tu, ya nyumba iliyobaki msingi. Alieleza uzuri wa sufuria kwa ulimi mwepesi kama kawaida. Lakini ilipofika saa ya kuwasha moto, mkono wake wenyewe, bila kumuuliza, ukaenda kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, ukavuka bega hadi bega. "Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," akasema, akafumba macho, akawasha.

Moto ukawaka vizuri tu. Nyumba ikabaki na kuta zake.

"Amina," akasema, kwa pumzi ndefu iliyoingia yote kwenye kipaza sauti.

Simu zikaanza kulia. Mke wa sajenti mmoja wa Makenke, aitwaye Mama Jonan, alitaka sufuria, lakini si yoyote. "Nataka ile yenye imeombewa," alisema. "Ile ile. Msiniletee ndugu yake." Nyuma yake wakaja wengine kumi na kitu, wote wakitaka ile ile. Atuhaire, msichana wa kamera, aliyekulia kambini kwa baba mwanajeshi na kujua Kiswahili kuliko alivyoonyesha, alicheka mpaka picha ikatikisika.

Wiki mbili mambo yalikwenda hivyo. Apollinarie aliogopa gesi kila Jumanne na kila Ijumaa, na kila alipoogopa, watu walinunua.

Kisha yakaja malalamiko mawili kwa siku moja. La kwanza lilitoka kwa hajati mwenye duka la nguo mjini, aliyeuliza kwa upole kama zile sufuria zimeshakuwa za Wakristo, au na yeye anaruhusiwa kupikia pilau. La pili lilitoka kwa sista mmoja wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, na hilo halikuwa na upole. Sista aliandika barua fupi kwa mkono: ishara ya msalaba si chumvi, msiinyunyize kila mnapopika.

Naboth aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, lakini kanisa lake lilikuwa la Jumapili, na Jumanne aliiona kuwa siku ya sufuria. Akamwita Apollinarie.

"Sikiza, mama. Hapa sisi nauza sufuria. Hapana uza dini. Hiyo kitu ya kushika kichwa na mabega, hapana tena. Sawa?"

"Chef, mimi siuzi dini. Mimi naogopa gesi."

"Ogopa kimya kimya."

Apollinarie hakubisha. Aliona kwamba hajati ana haki, na sista pia ana yake, na kwamba mkono uliokwenda wenyewe unaweza kufundishwa kukaa. Lakini Naboth hakuamini mkono huo. Alichukua karatasi kubwa na kalamu nene, akaandika ukumbusho kwa herufi za kuonekana toka mbali, akaubandika kwenye stendi ya kamera, chini kidogo ya lenzi, mahali ambapo mtangazaji angeuona muda wote. Kwa Kiswahili chake cha petroli, alichokusudia ni "tusitaje Mungu". Alichoandika ni hiki:

HAKUNA MUNGU.

Apollinarie alikuja Ijumaa, akafunga aproni, akainua macho, akasoma. Akasoma tena, kwa kudhani taa zimemchezea.

"Atuhaire," alinong'ona. "Hii karatasi ni ya nani?"

"Ya bosi."

"Amepatwa na nini?"

"Hajui alichoandika," Atuhaire alisema, huku midomo ikimtetemeka. "Usimwambie. Mimi naomba nimalize wiki nikiicheka."

Apollinarie alimwambia hata hivyo, maana alimhurumia. "Chef, mimi siwezi simama mbele ya karatasi yenye inasema Mungu hayuko." Naboth alidhani anabishana na ile amri. Akamwambia amri ni amri, akapiga makofi, taa zikawaka. Siku hiyo Apollinarie aliuza huku akitazama pembeni mwa kamera kama mtu anayedaiwa na kamera yenyewe, na alipowasha gesi aliuma midomo.

Ingeweza kuishia hapo, lakini Naboth alikuwa na simu mbili, na moja aliitumia kurusha kipindi mtandaoni kwa wasio na televisheni. Jumanne iliyofuata furaha ilimzidi. Akageuza simu kuzunguka chumba kizima. "Muone studio yetu!" alisema. "Muone taa! Muone kamera mpya!" Akaisogeza simu karibu na kamera mpya, akaituliza hapo ili watu waitazame vizuri.

Watu waliitazama vizuri. Wakatazama na karatasi.

Simu za siku hiyo hazikuwa za kununua. Mama Jonan alisema kambini wanawake wamekaa kikao chini ya kamba ya kuanikia nguo na wamekubaliana kurudisha sufuria zote, pamoja na ile iliyoombewa. Mwalimu mmoja wa katekisimu alitaka kujua kituo kimeanza lini ukafiri. Hajati naye alipiga. Alisema yeye aliuliza habari ya pilau tu, hakuomba Mungu aondolewe kabisa.

Naboth alimgeukia Atuhaire. "Hii karatasi nasema nini?"

Atuhaire akamtafsiria kwa Kinyankore, polepole, neno kwa neno.

"Ai Mukama!" Naboth akamlilia Mungu, akaing'oa karatasi kwa mikono miwili, akaikunja, akatafuta mahali pa kuiweka, na kwa kukosa mahali akaitia ndani ya sufuria na kufunika.

Mtu aliyepigwa na baridi hukimbilia jua. Naboth aliyeogopa Mungu kuwamo kipindini sasa aliogopa Mungu kutokuwamo, na hofu hii ya pili ilikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu ghalani kulikuwa na shehena mpya. Zilikuwa sufuria nyeusi zenye mpini mrefu, zisizogandisha chakula, na aliyezileta alikuwa akipiga simu kila asubuhi kuuliza zinaendaje.

"Ijumaa utaomba," alimwambia Apollinarie.

"Nitaomba nini?"

"Sala. Ndefu. Kwa hii sufuria mpya. Omba mpaka bantu bote nyumbani naona kwamba Mungu iko hapa, na iko na sisi, na iko napenda hii sufuria."

Apollinarie alirudi Nakivale na sufuria moja ya mfano ndani ya kikapu, akiwa kimya njia nzima, jambo ambalo abiria wa kawaida wa gari lile hawakuwahi kuliona. Mumewe Vénant alimkuta uani akiipikia maharage kwenye makaa.

Vénant alikuwa mkulima, tena kiongozi wa jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa wao, na tangu mwanzo hakuipenda biashara ya msalaba kwenye televisheni. Alipoelezwa agizo jipya, alikaa kwenye kigoda na kukunja mikono.

"Minakuambia, Mama Alida, Mungu hana haja ya matangazo."

"Baba Alida, kila siku hapa sokoni mteja akinunua ninamwambia Mungu akubariki. Mbona hukatazi?"

"Ile ni salamu. Ya kwenye telé ni bei. Ukimwambia mtu Mungu akubariki wakati ameshanunua, unamwombea. Ukimwambia kabla hajanunua, unamvuta shati."

"Na wale wenye wananunua kwa sababu wamefurahi kuona mtu kama wao? Mwenye anaogopa kama wao, mwenye anasali kama wao? Hao nao nimewavuta shati?"

Vénant alifikiri. Alikuwa mtu wa haki hata alipokuwa anashindwa. "Hao hapana," alikubali. "Lakini hiyo ya Ijumaa umeamriwa. Ni kama kuagizwa kucheka."

Apollinarie akainuka kuipua maharage. Akashika mpini, akainua. Mpini ukaja peke yake. Sufuria ikabaki juu ya makaa, ikalala upande, na maharage ya watu wawili yakamiminika majivuni, mengine yakaishia kwenye kiatu cha Vénant.

Apollinarie aliugeuza mpini akautazama mwisho wake. Skrubu iliyokuwemo ilikuwa fupi kama jino la mtoto. Ilikuwa imeshika bati tu, haikufika kwenye chuma.

"Hii ndiyo Mungu anaipenda?" Vénant aliuliza, akipangusa kiatu.

Kesho yake Apollinarie alimpigia Naboth na kumweleza habari ya skrubu. Naboth alisema labda alipata moja mbovu. Apollinarie alisema aende ghalani ajaribu nyingine. Naboth alikwenda, akajaribu tatu, na mipini mitatu ikamtoka mkononi. Alipompigia tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Mama, hii mwenye mzigo nasumbua mimi sana. Wewe omba tu. Kitu ya skrubu, hapana taja. Nasikia?"

"Nimesikia, Chef."

Na kweli alikuwa amesikia. Kwamba amekubali, hilo hakulisema.

Ijumaa studio ilipangwa kama sikukuu. Naboth alikuwa ameleta maua ya plastiki na kitambaa cheupe cha meza, na sufuria nyeusi kumi na mbili zikapangwa juu yake, mipini yote ikielekea upande mmoja. Kambini Makenke kikao cha wanawake kilikuwa kimeamua kutoa nafasi ya mwisho, na walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa Mama Jonan. Nakivale, pale Juru, televisheni ya kinyozi ilikuwa imezungukwa.

Apollinarie alieleza sufuria: weusi wake, wepesi wake, jinsi yai linavyoteleza bila mafuta. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha Naboth, nyuma ya kamera, akaunganisha viganja na kuvitikisa. Ilikuwa ishara ya sala.

"Ndugu zangu," Apollinarie alisema, "wa dini yote, kila mtu kwa namna yake, tuinamishe vichwa."

Akafumba macho.

"Ee Mungu Baba, wewe unaona vyote. Unaona jikoni, unaona ghalani, unaona ndani ya mpini."

Naboth, aliyekuwa ameinamisha kichwa, alifungua jicho moja.

"Tunakushukuru kwa hii sufuria. Chini ni nzuri, Bwana, umesaidia aliyeifanya. Yai haligandi. Lakini wewe unajua ile skrubu. Wewe unajua ni fupi. Sisi bantu tunaweza fichana, wewe haufichwi."

Naboth akaanza kupunga mikono. Akajikata shingo kwa kiganja, ishara ambayo watangazaji wote duniani wanaielewa. Lakini Apollinarie alikuwa amefumba macho, kama inavyompasa mtu anayesali, na hakuona kitu. Naboth akamgeukia Atuhaire azime. Atuhaire naye alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba kwa ibada ambayo hakuwahi kuionyesha popote, ila mkono wake mmoja ulikuwa unavuta picha karibu, karibu zaidi, mpaka skrubu ikajaa kioo kizima.

Naboth akabaki amesimama. Angeweza kumkata mtangazaji anayekosea bei. Angeweza kumkata anayekohoa. Lakini kumkata mtu katikati ya sala, wiki ile ile ambayo wilaya nzima ilisoma karatasi yake, hilo hata yeye aliona haliwezekani.

"Mlinde kila mama atakayeinua hii sufuria imejaa," Apollinarie aliendelea, na sasa hakuwa anaigiza. Alikuwa anaona kabisa mikono ya wanawake, na watoto wanaokaa karibu na jiko. "Umkumbushe ashike na kitambaa pande zote mbili, asiamini mpini. Mlinde mtoto wake. Na mwenye kuleta mzigo, Bwana, umpe afya na umpe skrubu ndefu. Na Chef wangu Naboth, ni mtu mzuri, anaogopa tu. Umtoe woga. Wale wenye wanataka kununua, wanunue na akili. Wale wenye hawataki, uwabariki vilevile. Amina."

"Amina," akasema Atuhaire, kwa sauti.

Apollinarie alifungua macho na kuona uso wa Naboth, akajua kazi imekwisha. Alida alikuwa na ada ya muhula, na aproni ile nyekundu alikuwa ameshaizoea. Alianza kuifungua.

Simu ikalia. Alikuwa Mama Jonan, na nyuma yake sauti za wanawake wasiopungua kumi.

"Huyo mama asitoke!" alisema. "Hizo sufuria, leteni. Chini umesema ni nzuri?"

"Chini ni nzuri," Apollinarie alijibu.

"Basi skrubu tutafunga sisi. Bwana yangu iko karakana ya magari ya jeshi, skrubu ndefu iko mingi kama mchanga. Lakini bei shusha, maana kazi sisi nafanya."

Sufuria ziliisha kabla ya saa kumi na moja, kwa bei iliyoshuka. Baadaye mwenye mzigo alipiga simu. Naboth aliiweka mbali na sikio kwa muda mrefu, kisha akamwambia kwa Kinyankore maneno machache ambayo Atuhaire alikataa kuyatafsiri, ila alisema ndani yake neno "skrubu" lilirudi mara nne.

Kisha Naboth akamfukuza Apollinarie kazi. Jumatatu akamrudisha, kwa kuwa kila aliyepiga simu aliuliza yule mama yuko wapi.

Walikaa ofisini kwake kukubaliana. Naboth alisema hataki tena karatasi, hataki tena sala ya kuagizwa, na hataki kuombewa kwa jina mbele ya wilaya nzima. "Mke wangu mpaka leo nauliza mimi naogopa nini," alisema. Apollinarie akasema na yeye hataki kuuza kitu asichokipikia kwanza nyumbani kwake juma zima.

"Na msalaba?" Naboth aliuliza. "Kwa gesi?"

"Sitajua nikiufanya, Chef. Unatoka wenyewe."

Naboth alifikiria sista, akafikiria hajati, akafikiria simu zilizolia. "Kama natoka wenyewe," alisema hatimaye, "mimi hapana polisi ya mikono."

Habari ilifika Juru kabla yake, na kama kawaida ilikua njiani. Ilikuwa ikisemwa kwamba Apollinarie akiombea kitu, kasoro yake inajitaja yenyewe. Alhamisi alipopita sokoni kununua chumvi, aliona jambo la ajabu: wafanyabiashara aliowazoea walikuwa wanamsalimia kwa heshima nyingi mno na kumsindikiza kwa macho mpaka avuke meza yao.

Alipofika kwa Patrice, muuza betri na redio, upepo uliinua vumbi la barabara na likamwingia usoni. Akasimama, akafumba macho.

"Dada Apollinarie!" Patrice alipaza sauti, akiruka mbele ya meza yake na kuitandaza mikono. "Dada yangu, nakuomba, si hapa! Zile za upande wa kushoto naziondoa mwenyewe, sasa hivi!"

Na akaanza kuziondoa.